Vijidudu Vyangu na Mursik ya Kiptum

Jumatatu, 5 Septemba 1994

Habari kubwa! Kiptum wetu ameshinda mbio huko Ujerumani. Jumamosi anapokelewa hapa Merigi. Kamati itaonja mursik, maziwa yetu ya kugandisha kibuyuni, ya kila boma, na mwenye tamu kuliko wote ndiye atakayemnywesha bingwa mbele ya umati. Kila mara ni jirani yangu Phelis. Phelis, Phelis, Phelis! Nimechoka. Safari hii ni mimi, Noah.

Afisa wa afya alikuwa sokoni akifundisha kunawa mikono. Ati ngozi ina vijidudu vyake vyema, vinatulinda. Ati hata maziwa yanagandishwa na vijidudu. Wacha! Nikaondoka kabla hajamaliza. Siri ya Phelis nimeipata: ni mikono.

Jumanne, 6 Septemba

Sinawi tena. Ninafuga vijidudu. Nimechuma chai, mikono ikawa myeusi tititi kwa utomvu, nikabeba samadi, nikakamua ng'ombe hivyo hivyo. Maziwa kibuyuni. Nikachovya na kidole, kwa uhakika.

Jumatano, 7 Septemba

Mke wangu Caren amekataa niguse ugali wa watu. Ninakula nje na ndama. Nikamweleza juu ya vijidudu vyema. Akauliza kama na vyenyewe vitamsaidia kuchuma chai. Dharau!

Alhamisi, 8 Septemba

Nimempelekea Phelis zawadi: mche mzima wa sabuni. Nikamsihi anawe mara kumi kwa siku. Alinishukuru mpaka nikaona haya. Kidogo tu.

Jumamosi, 10 Septemba

Aibu gani hii! Kamati iliweka beseni mlangoni, kila mtu anawe. Nikakataa, nikasema nina mifugo. Wakaninawisha kwa nguvu, tena kwa sabuni yangu mwenyewe. Phelis ndiye aliyeileta! Kibuyu changu kikafunguliwa. Mwenyekiti alinusa, akaomba kiti. Nikanywa mwenyewe kuwaonyesha ni salama.

Kiptum sikumwona. Nilikuwa chooni. Nilisikia tu vigelegele na jina la Phelis. Caren anasema nilivyokimbia, Ujerumani wangenipa medali.

Jumapili, 11 Septemba

Afisa wa afya amekuja kunipa pole. Ati ningengoja amalize: vijidudu vyema havimalizwi na sabuni, vinabaki kwenye ngozi. Nilichotia kibuyuni ni samadi. Sawa, nimekosea, nimekubali.

Halafu akataja kwamba miguu nayo ina vijidudu vingi ajabu. Alikuwa bado anaongea nilipoinuka.

Krismasi kanisa litaonja mursik tena. Nimevaa gambuti. Sizivui mpaka Desemba.