Niliaga Mashine, Mtaa Ukanililia

Leo nimekaa kwenye matanga yangu mwenyewe. Nimesoma Yasini pamoja na waombolezaji, nimelia machozi ya kweli, na nusura nile wali wa msiba wangu. Alhamdulillahi, naandika haya nikiwa hai, ila uso wangu sijui niuweke wapi.

Nianze asubuhi.

Marehemu mke wangu, Mwamvua, Mungu amrehemu, ameniachia sauti yake. Katika ugonjwa wake wa mwisho alikuwa akikaa barazani kila alfajiri akisoma Qurani, na Faida, binti wa mdogo wangu anayefundisha Kifaransa shuleni, alimrekodi kwa simu. Baadaye simu ile ilianguka mtungini ikafa. Lakini Faida alikuwa ameshazipandisha sauti kwenye hifadhi ya mtandaoni, ile ghala isiyo na mlango ambayo unailipia kila mwezi ikutunzie vitu vyako. Sauti ya Mwamvua ilikuwa huko, na si mahali pengine popote duniani.

Juzi Faida aliniwekea kadi ya kumbukumbu kwenye simu yangu, akanionyesha namna ya kuzishusha. Jana nikakaa nikazishusha mwenyewe, mpaka majina yote yakajipanga kwenye kioo. Nikaridhika. Kuendelea kulipia ghala usiyoitumia ni israfu, na israfu nimewakataza wanafunzi wangu wa madrasa tangu ndevu zangu zikiwa nyeusi. Kwa hiyo leo, baada ya chai, nikaamua kusitisha.

Nilipobonyeza pale pa kusitisha, yakaja maneno ya Kifaransa: tunasikitika kuona unaondoka, tafadhali tuambie sababu. Niliguswa. (Hata muuza chumvi wa hapa sokoni Kasongo hajawahi kusikitika nikiondoka.)

Sasa, kwetu hapa, mtu aliyekutunzia amana humwachi kimya kimya. Unakwenda kwake, unakaa, unashukuru, unatamka kwamba chako umekichukua, kisha mnaombana radhi ili siku ya Kiyama pasiwe na neno kati yenu. Marehemu baba alifanya hivyo hata kwa jirani aliyemtunzia mbuzi mmoja tu, tena mbuzi mwenyewe alirudi amekonda. Hawa wamenitunzia sauti ya mke wangu. Niwape mgongo?

Nikaandika kwa Kiswahili, nia yangu ikiwa kumtumia Faida aniwekee kwa Kifaransa cha heshima:

"Ndugu zangu, wakati wangu wa kuondoka umefika. Mmenitunza vizuri, Mungu awalipe. Kama niliwakosea kwa neno au kwa tendo, nisameheni, nami nimewasamehe. Kilicho changu nimekichukua, sidai wala sidaiwi. Kitakachobaki kifuteni. Kwaherini."

Nikausoma ujumbe tena, nikaona umekaa vizuri, nikautuma. Kwenye kioo jina la Faida lilikuwa la pili. La kwanza lilikuwa kundi la waumini wa msikiti wetu. Kidole changu kimezoea jembe. Mimi sikujua, ninyi mjue sasa.

Dada yangu Zaina, ninayekaa naye, alikuwa amekwenda kisimani. Nikafunga mlango, nikapitia dukani kwa Songoro, ambaye anatuchajia simu kwa sola, nikamwachia yangu ikiwa imezimwa ili ijae upesi. Hifadhi ningeifunga jioni, Faida akishanijibu. Nikaenda zangu shambani kung'oa karanga.

Adhuhuri niliswali huko huko shambani, kisha nikashika njia ya nyumbani. Njiani nikakutana na kijana wa pikipiki, Mkristo mmoja ninayemfahamu. Nikamsalimu. Akanitazama, akafanya ishara ya msalaba, akaongeza moto akaniachia vumbi. (Nikasikitikia malezi ya siku hizi.)

Nilipokaribia nyumbani nikasikia wanawake wanalia. Mikeka imetandikwa uani kwangu, masufuria yako motoni, wanaume wameinamisha vichwa wanasoma. Zaina ana tansio ya juu, presha ya damu, muda mrefu. Nikajua ni yeye.

Nikaweka jembe chini, nikajifunika uso kwa kitambaa cha kichwani, nikapenya kwa nyuma nikakaa mwisho wa mkeka. Hakuna aliyeinua kichwa. Nikasoma nao, machozi yananidondoka kwenye kanzu ya shamba. Jirani yangu kwenye mkeka alikuwa Songoro, amefumba macho.

Nikamnong'oneza, "Ilikuwa saa ngapi?"

"Asubuhi," akasema. "Ametuaga sisi wote, akatuomba na masamaha. Mutu wa Mungu."

Nikaumia kwamba Zaina ameaga watu wote isipokuwa mimi.

"Alikuwa mutu muzuri," Songoro akaendelea. "Lakini kusema, alikuwa nasema mingi."

"Ni kweli," nikasema. "Hata akiwa peke yake jikoni." (Zaina, dada yangu, nisamehe.)

Songoro akashusha pumzi. "Hata telefone yake alikuja kuiacha kwangu leo. Alijua kama harudi tena. Iko hapa."

Akaitoa mfukoni. Ilikuwa simu ndogo nyeusi, imefungwa kwa mpira mwekundu wa baiskeli, kwa sababu mgongo wake haushiki. Mpira ule niliufunga mimi.

Wakati huohuo Zaina akatoka jikoni na sinia la wali. Akaniona. Sinia likaenda upande wake na wali upande wake. Songoro akafumbua macho, akanitazama, akatazama simu, kisha akasogea taratibu hadi akatoka kabisa kwenye mkeka.

Kisomo kikakatika. Shehe wetu, mtu mpole ambaye nimemfundisha herufi akiwa mtoto, akafunga kitabu kidole kikiwa ndani yake.

"Mwalimu," akasema, "simu yako imezimwa, mlango umefungwa, tumetuma watu hospitali kutafuta maiti yako. Uliaga unaenda wapi?"

Ndipo aliponisomea ujumbe wangu mbele ya wote. Nikausikia kwa masikio yao, na kwa kweli hata mimi ningejichimbia kaburi. Nikalazimika kueleza kwamba sikuwa nawaaga wao, nilikuwa naaga ghala ya mtandaoni iliyotunza sauti ya Mwamvua. Nilikuwa naomba radhi kwa mashine.

Hakuna aliyecheka, na hilo lilikuwa baya zaidi. Walitazama masufuria kama watu wanaojiuliza wali sasa uliwe kwa nia gani.

Mama Tabu, aliyekuwa akiimba kaswida na mke wangu miaka yote, akajifuta macho kwa ncha ya kitenge. "Tumesha kulia bure," akasema. "Basi utusikilizishe Mwamvua. Machozi yetu yapate mwenyewe."

Niliona ni haki yao. Nikaichukua simu kwa Songoro, nikaiwasha, nikafungua kadi, nikabonyeza jina la kwanza. Kimya. La pili, kimya. Nikabonyeza majina yote. Mama Tabu akaacha kujifuta macho, akasogea kutazama kioo.

Faida alikuwa amefika mbio kutoka shuleni, vidole bado vina chaki. Akaichukua simu, akaipekua.

"Baba mukubwa," akasema, "kule juu ku mtandao ulisha kufunga?"

"Bado. Nilikuwa nakungoja wewe."

Akakaa chini palepale mchangani. "Ulileta majina tu. Sauti zote ziko kule. Ungefunga, wangezifuta."

Nilikuwa nimewaambia wazi kabisa, tena kwa adabu: kitakachobaki kifuteni.

Shehe ndiye aliyesema alhamdulillahi, na watu wote wakaitikia, hata wale waliokuwa bado wamenikasirikia.

Faida akaanza kuzishusha upya. Rezo, yaani mtandao, ilikuwa nzito. Songoro akajitolea mega zake za intaneti, akisema ni sadaka aliyokuwa amemwekea marehemu, na marehemu ndiye huyu. Watu hawakuondoka. Wakala wali uliobaki, mimi nikanyimwa na Zaina, aliyekuwa ameshaambiwa habari ya kusema mingi jikoni. Karibu na alasiri sauti ya kwanza ikafunguka. Mwamvua akaanza kusoma, taratibu, kwa pumzi fupi za ugonjwa wake. Uani pakatulia. Katikati ya aya akanyamaza kidogo, kisha tukamsikia akisema, "Mwalimu, kuku anaingia mu nyumba," halafu akaendelea kusoma.

Hapo ndipo watu walipocheka. Mama Tabu alicheka huku analia. Mimi nikageuka kutazama mlango.

Kila mwenye simu aliomba apewe nakala ya sauti zile, akapewa. Tulipozisikiliza zote mpaka mwisho, Faida akaniletea kile kitufe, nikakibonyeza mbele ya Shehe na mashahidi, bila hotuba. Ghala ikafungwa. Ikanijibu kwa Kifaransa kwamba inatumaini nitarudi. Sikujibu kitu.

Sasa hivi naandika, na simu ya Mama Tabu naisikia ng'ambo ya ua. Basi mnaotaka kunicheka, chekeni taratibu. Mwamvua bado anasoma.