Majani Chai Niliyojitengenezea kwa Maombi ya Mzee

Leo nimeaibika. Si ile aibu ndogo ya kuteleza kwenye matope watu wa boda wakiangalia. Nimeaibika mbele ya pasta, mbele ya wamama wa kanisa, na mbele ya mama mkwe wangu ambaye bado yuko kwenye msiba. Natamani shimo lolote, hata la panya.

Mnaonijua hapa mnajua tabia yangu. Sinunui kitu ambacho mikono yangu inaweza kukitengeneza. Mkate naoka kwa sufuria, makaa chini, makaa juu ya kifuniko. Njugu nasaga mwenyewe. Nyanya zikiwa rahisi sokoni Litein, nachemsha na kuweka kwa chupa. Ni nyinyi mliokuwa mkinisifu na kuniambia niendelee. (Basi leo mnisaidie kubeba huu mzigo.)

Tangu tumzike baba mkwe, nyumba yetu imekaza mkanda. Hilo halinisumbui, nimelizoea. Linalonisumbua ni Mama, mama mkwe wangu. Huyu mama hajanywa chai tangu siku ya mazishi. Mzee, marehemu mumewe, ndiye aliyekuwa akimmiminia kila asubuhi, na hakuna aliyeruhusiwa kugusa chupa kabla yake. Sasa nikimmiminia mimi, anashukuru, anashika kikombe mpaka kinapoa, kisha anakirudisha kwenye meza kikiwa kimejaa. Na chakula anakigusa tu. Amekonda, gauni linamning'inia mabegani. Kibet, mume wangu, huangalia kile kikombe kilichojaa, kisha anatoka nje.

Inaniuma sana. Wakati majirani walikuwa wanauliza kama msichana wa ziwani anaweza kuchuna chai, Mama ndiye aliyenifunga kikapu mgongoni na kunionyesha. Mimi Atieno wa Homa Bay, nilifundishwa kazi na yeye mwenyewe.

Kwa hivyo tulipopanga maombi ya leo ya kumkumbuka Mzee, nilipata wazo. Sisi hapa tunalala tukizungukwa na chai, tunaamka tunachuna chai, tunaipeleka kiwandani, halafu tunaenda dukani kununua pakiti ya chai! Kando ya lango kuna miti ya chai ambayo Mzee aliipanda mwenyewe kabla Kibet hajazaliwa. Nikajiambia, Mama amekataa ya dukani, lakini hii ataikataa vipi?

Hapa lazima niwaeleze habari ya omena, wale dagaa wa kwetu ziwani. Vumilieni.

Mama hajawahi kuonja samaki maishani. Kwake samaki ni ndugu ya nyoka, na sijawahi kubishana naye. Omena yangu huipika nje, kwa jiko la makaa, nikihakikisha upepo unaelekea kwa jirani. Sasa Mzee, mtu mzito, mzee wa kanisa, alikuwa na kawaida ya kupita pale "kuangalia kama makaa yameshika." Alikuwa akiangalia makaa akiwa na kijiko mkononi. Akimaliza anapangusa mdomo, anakohoa, anaenda zake. Hatukuwahi kulizungumza, wala Kibet sikumwambia.

Turudi kwa chai. Juzi nilichuna, majani mawili na kichipukizi. Nikayatandaza juu ya shuka yanyauke. Jana asubuhi nikayasugua kwa viganja mpaka yakatoa maji na mikono ikawa ya kijani. Nikayafunika kwa kitambaa chenye unyevu, yakaanza kugeuka rangi ya udongo, na harufu ikawa tamu kabisa. Nikasimama hapo jikoni na machozi yananilenga. Nilihisi kama Mzee mwenyewe amenisaidia.

Kilichobaki ni kukausha juani. Mnajua mvua yetu. Mchana ukifika, haibishi hodi. Nikabeba sinia mbio, nikaliweka ndani kwenye dari, ile ya fito iliyo juu ya moto, ambapo tunakaushia mahindi. Nikachochea kuni. Jioni majani yalikuwa meusi, makavu, yanalia yakiguswa. Nikayatia kwenye mkebe mpya na kifuniko nikakibana.

Na nilionja! Msiseme sikuonja. Nilichemsha kikombe kimoja, nikanywa taratibu. Ilikuwa na ladha fulani ya nyumbani, ladha ambayo naijua kabisa lakini sikuweza kuitaja. Nikadhani ndiyo ladha ya kitu ulichokitengeneza mwenyewe. (Pua yangu ilizaliwa ziwani, naomba mnihurumie.)

Leo watu wamejaa sebuleni mpaka barazani. Tumeimba, pasta amesoma neno, wamama wamelia. Kibet amefika kutoka kazini kiwandani neno likikaribia kwisha, akakaa karibu na mlango. Ndipo nikasimama, nikatoa tangazo ambalo hakuna aliyeniomba.

"Chai ya leo haijatoka dukani," nikasema. "Imetoka kwa ile miti ya Mzee, hapo langoni. Nimeitengeneza kwa mikono yangu."

"Kongoi, mtoto wetu!" wamama wakanishukuru. Makofi yakapigwa. Pasta akaibariki chai kwa maombi marefu, akamshukuru Mungu kwa mabinti wakwe wanaokumbuka. Nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu, lakini ndani nilikuwa nimevimba kama mandazi.

Watu wakanywa.

Kukawa kimya. Mwanzoni nilidhani ni heshima kwa marehemu. Kisha nikamwona pasta amemeza funda moja na sasa anakagua mabati ya nyumba yetu, bati moja baada ya lingine. Mwenyekiti wa wamama akanivuta mkono.

"Atieno, hii maziwa iko sawa kweli?"

"Iko sawa. Ni ya asubuhi."

Kibet alikuwa amenusa kikombe chake. Huyu mtu kazi yake ni chai. Tangu anioe amekuwa akiniambia kwamba kiwandani hakuna anayeruhusiwa kuingia akiwa amejipaka marashi, kwa sababu majani ya chai hushika kila harufu inayopita. Nilikuwa naitikia tu, nikiendelea na shughuli zangu.

"Atieno," akasema, na kwa ule ukimya kila mtu akasikia. "Ulikausha hii chai wapi?"

"Kwa dari. Mvua ilikuja."

"Kwa dari gani? Si ile ya omena?"

Woi! Omena aliyonitumia mama yangu, gunia zima, ilikuwa imelala pale pale kwenye dari, ikipashwa moto pamoja na majani ya Mzee mpaka jioni. Vikombe vikaanza kushuka mezani, kimoja kimoja, kwa adabu kubwa.

Nikageuka kumtafuta Mama. Alikuwa amekiinua kikombe chake mpaka usoni.

"Mama, wacha hiyo! Nakuomba. Nitakupikia ingine."

Akanizuia kwa mkono. Akanusa. Akanusa tena. Akanywa funda, akafumba macho, na mimi nikajua ndoa yangu imefika mwisho.

"Hii harufu naijua," akasema. "Hii ni Mzee."



"Alikuwa anakuja kulala na hii harufu kwa mdomo. Nikimuuliza, ananiambia ni dawa ya meno mpya." Akakitazama kikombe. "Miaka yote hiyo alifikiri mimi sijui."

Kanisa zima likanigeukia. Pasta naye akaacha mabati, akanitazama. Mimi, mwanamke niliyemlisha mzee wa kanisa samaki nyuma ya nyumba!

Lakini Mama hakuwa ananiangalia. Alikuwa analia na kutabasamu kwa wakati mmoja, na alikuwa anakunywa. Alikunywa mpaka chini. Kibet akafunika uso kwa mikono yake miwili, akilia, nami nikalia naye. Kisha Mama akaninyooshea kikombe kitupu.

"Ongeza."

Nikaongeza. Akanywa, akawatazama wageni wake mmoja mmoja. Sasa niambieni, mjane anakunywa chai ya marehemu, nani atathubutu kubakisha? Vikombe vikainuliwa tena. Pasta alifumba macho kama mtu anayemeza dawa, akamaliza. Mwenyekiti wa wamama alimaliza. Wote wamemaliza.

Wameenda, na nyumba imetulia. Kibet anasema kiwandani ningefukuzwa kazi bila kuandikiwa barua. Mama ameshaniambia kesho asubuhi anataka ya mkebe ule ule, na kwamba nisithubutu kuiondoa omena kwenye dari.

Anayetaka kunicheka aje anicheke, lakini kwanza amalize kikombe chake.