Dhoruba za Saa za Kazi

Waheshimiwa wa meza kuu, waheshimiwa wasaidizi wa waheshimiwa, viongozi wa ngazi zote pamoja na ngazi ambazo bado tunazitafutia ofisi, wadau wa maendeleo, nesi mkuu wa zahanati, nanyi wananchi mliosimama juani tangu asubuhi kwa hiari mliyopangiwa: itifaki imezingatiwa! (Makofi ya meza kuu.)

Ndugu zangu, wataalamu wanasema moshi wa viwanda na magari yetu sisi wanadamu unaipasha bahari joto, na bahari ikipata joto dhoruba nazo zinapata nguvu na kutuandama kila kukicha. Sikwepi lawama, hata sasa magari yangu kumi na manne yananguruma pale ili viti visipate joto, maana mwili huu mnaouona, jamani, ukikalia kiti cha moto unayeyuka kama samli. (Kicheko. Sauti: "Si uzime, mzee!")

Hata hivyo, idara yangu haikulala. Kupitia fremuweki shirikishi ya upembuzi yakinifu, tumepunguza dhoruba kutoka kumi na moja hadi tatu kwa msimu, yaani zaidi ya asilimia sabini, kwa kusajili zile tu zinazofika saa za kazi, karani akiwa mezani. Ya Jumamosi haina namba ya jalada, kwa hiyo kitaalamu haikuvuma.

(Nesi anasimama: "Mheshimiwa, hiyo ya Jumamosi ndiyo iliyong'oa paa la wodi ya wazazi. Na mawingu yale yanakuja. Nina akina mama watano kwenye machela, niwapeleke wapi?")

Umenena, dada yangu! Ndiyo maana leo nazindua Jengo la Kisasa la Kujikinga na Dhoruba, vitanda mia mbili, kuta zisizotikisika, hili hapa nyuma yangu. Wapeleke humo, nesi, tena kwa mwendo wa ushindi! (Vigelegele. Upepo. Meza kuu inashika kofia.)

Dhoruba! ("Zikome!") Jengo! ("Letu!") Maendeleo! ("Mvua hiyoo!")

Nimalizie kwa shukrani. Namshukuru msanii aliyelichora jengo hili kwenye turubai kwa siku mbili tu, na mafundi wanaoshikilia kamba zake, ambao nawaomba wasi... shikeni, jamani, shikeni! Nesi, mbona bado umesimama hapo na machela? Huo mlango ni rangi tu, dada yangu. (Turubai linapaa.) Hebu niambie, wodi yako si imebaki na kuta? Basi tunakuja meza kuu nzima. Waambie akina mama wasogee kidogo. Asanteni sana.