Liki Zangu na Mashine ya Heledd

Jumatatu, 24 Februari

Leo nimeanza kupima umeme wa ukumbi mzima wa kwaya. Peke yangu. Kwa mashine ya kisasa!

Haya, si peke yangu. Fundi alikuwa Heledd, binti wa marehemu Gwilym muuza nyama. Mimi nilibeba mkoba wa mashine. Haya, mkoba aliubeba mwenyewe. Mimi nilifungua mlango. Lakini mlango ule una kiburi, unamtii mtunza ukumbi tu, na bila mlango hakuna kupima.

Watu wa bima ndio walioleta balaa. Wamesema bila cheti cha usalama wa umeme, mtu haingii ukumbini Jumamosi. Na Jumamosi ni sikukuu ya Mtakatifu Daudi, mlinzi wa nchi yetu! Kwaya inaimba, bonde zima linakuja na liki, mboga yetu ya jadi iliyo kama kitunguu kirefu, zimebanwa kifuani. Cheti kikikosekana, tamasha linahamia ukumbi mdogo wa kanisa, ng'ambo ya ukuta. Na mwenye funguo za huko ni nani? Cledwyn! Anazining'iniza kiunoni kama askari jela. Kwaya ikishaonja viti vyake vya sponji, hairudi tena. Na mtunza ukumbi asiye na kwaya ni nini? Ni mzee mwenye ufagio.

Cledwyn alichungulia juu ya ukuta, akauliza kama nimeshaanza kufungasha. Nikamwambia afungashe meno yake kwanza, yale ya juu yanalegea.

Mashine yenyewe, jamani! Imening'inia kifuani mwa Heledd kama mtoto mchanga, na ncha mbili za kugusia, moja kila mkono. Anagusa waya, inampa jibu. Hapana hadithi, hapana samahani. Katika miaka yangu yote ya ndoa sikuwahi kupata jibu fupi hivyo.

Jumanne, 25 Februari

Heledd hakuja, alikuwa na kazi kwingine. Afadhali. Nilihitaji nafasi ya kufikiri.

Shajara, wewe huna mdomo, nitakwambia. Nyuma ya ukumbi kuna kibanda changu. Ndani yake kuna kitanda cha mchanga chenye waya wa kupasha moto, na juu yake wamelala watoto wangu: miche ya liki. Septemba iliyopita Cledwyn alinishinda kwenye maonyesho kwa liki nene kama paja la mchungaji. Nikaapa haitatokea tena. Liki kubwa hulelewa kwenye joto tangu baridi kali, na joto linataka umeme, na umeme nimeuvuta kutoka chumba cha nyuma cha ukumbi, kwa tundu nililotoboa mwenyewe. Si wizi. Mimi nautunza ukumbi, ukumbi unanitunzia liki.

Mpango: swichi niliyoiweka pale ukutani, nimeizima. Waya haufanyi kazi, mashine itaona nini? Hata malaika hawezi kuona taa iliyozimwa. Miche nimeifunika koti langu la mazishi na chupa za maji ya moto.

Akili hii ilipotezwa shuleni. Mwalimu alinifukuza darasani kabla hajaigundua.

Jumatano, 26 Februari

Nimemtazama Heledd akifanya kazi na chai yangu imepoa mkononi.

Kwanza anazima umeme wote na kufunga boksi kwa kufuli, funguo mfukoni. Kisha anatoa kifaa kidogo cha kujua kama waya umekufa. Hakiamini! Anakijaribu kwanza kwenye umeme anaoujua kuwa upo, ule unaoingia kutoka barabarani. Kinawaka. Anagusa waya wa ukumbi. Kimya. Halafu anarudi kukijaribu tena kule kwenye umeme, asije akawa amedanganywa na kifaa kilichokufa katikati ya safari. Nikamuuliza kama hata mchumba wake alimpima hivyo. Akasema huyo hakumpima vya kutosha, ndiyo maana yuko Kanada.

Kisha ile mashine kubwa. Nilimuuliza inafanyaje. Akasema ni kama fundi bomba: anaziba mwisho, anasukuma maji kwa nguvu, anaangalia kama kuna tone linatoka. Yeye anasukuma umeme kwenye waya, anaangalia kama unavujia ardhini. Namba ikiwa kubwa, waya ni mzima; ikiwa ndogo, unavuja. Taa za mbele: namba ikapanda mpaka mashine ikaishiwa namba. Taa za jukwaa: hivyo hivyo. Nilijikuta napiga makofi.

Soketi za nyuma: karibu na sifuri.

Akarudia. Sifuri ile ile. Akaniuliza kama kuna kitu chochote kimeongezwa huko nyuma. Nikasema hapana, kwa uso wa shemasi anayepitisha sadaka. Nikamletea keki za kikaango, za moto, zenye zabibu nyingi. Akala, akashukuru, akajifuta vidole.

"Tamu, Babu Ithel. Lakini mashine hainywi chai."

Alhamisi, 27 Februari

Mvua. Mgongo unauma. Nimesukuma piano.

Ilibidi! Heledd anawinda uvujaji kwa ujanja wa kutisha. Anaikata njia ya waya katikati, anapima kila upande. Nusu nzima, anaiacha. Nusu mbovu, anaikata tena katikati. Kila akikata, anasogea chumba cha nyuma. Mbwa wa polisi ana huruma zaidi. Kwa hiyo alipokwenda kula, mimi nikausukuma mlango wa chumba kile nikaufunga, nikaweka piano mbele yake.

Aliporudi akasema jana piano ilikuwa upande mwingine. Nikamwambia ni agizo la Bi Buddug, kiongozi wa kwaya, anataka sauti isambae. Basi mlango ukafunguka, akaingia Bi Buddug mwenyewe, akitiririka maji, akauliza ni mwendawazimu gani aliyegusa piano yake.

Nikaenda kuangalia mifereji ya paa. Kwenye mvua, ndiyo.

Kutoka huko nikawasikia. Bi Buddug analalamika kwamba tangu vuli, mvua ikinyesha tu, umeme wa ukumbi unakatika katikati ya mazoezi. Heledd akamuuliza kila mvua? Kila mvua. Bi Buddug akasema mimi nilimwambia ni teno, wale wanaume wa sauti ya juu wa safu ya nyuma, wanapayuka mno. Kweli nilisema. Nilidhani ni kweli! Teno mmoja ameshaacha kwaya kwa aibu.

Heledd akamwambia kwa upole: asipopata panapovuja, kesho mchana ataandika kwamba ukumbi haufai. Hawezi kuandika vingine. Mashine ikisema hapana, mkono wake hauandiki ndiyo.

Nikamsikia Bi Buddug akifunga kifuniko cha piano, taratibu. Sijawahi kumsikia akifanya chochote taratibu.

Ijumaa, 28 Februari

Asubuhi Cledwyn alikuwa anapanga viti. Niliwasikia ng'ambo ya ukuta, kwaru, kwaru, na yeye anapiga mluzi. Wimbo wetu wa kufungia tamasha! Mluzi wake una matundu kama meno yake.

Nikasimama na ufagio wangu. Nikawafikiria watoto wangu wa kijani. Nikaufikiria ukumbi mtupu.

Nikaisukuma piano pembeni. Nikamwambia Heledd kwamba labda, sina hakika, pengine panya wamevuta waya kupeleka kibandani.

Akaniangalia. Akasema panya wa bonde hili wanajua kufunga skrubu.

Tukafungua kibanda. Akainua koti la mazishi. Nilingoja matusi. Badala yake akachuchumaa, akapuliza jani moja taratibu, akasema, "Mizuri hii, Babu Ithel. Baba angelia." Gwilym alikuwa mkulima hodari wa liki. Mimi nilikohoa, vumbi.

Halafu akanionyesha. Swichi yangu ilikuwa inakata waya wa moto tu. Ule mwingine, wa kurudishia, ulibaki umeungana na ukumbi muda wote, na pale kwenye kiungo changu cha gundi na mfuko wa plastiki ulikuwa umelala kwenye matope. Nimezima, mashine inauona. Mvua ikija, matope yanazidi, kikata umeme kinaruka. Teno hawana hatia hata mmoja. Nikasema swichi nilikuwa nimeizima! Akasema ningeweza hata kuizamisha baharini, babu, mlango umefunga mmoja na nyumba ina miwili.

Akaung'oa waya wote. Akaziba tundu. Akanipa zile ncha nizishike mwenyewe, akaniambia nibonyeze.

Namba ikapanda. Ikapanda. Mashine ikaishiwa namba!

Nililia kidogo. Vumbi tena.

Jumamosi, 1 Machi

Cheti kimebandikwa mlangoni. Mvua ya kuua vyura usiku kucha na mchana kutwa, na taa hata hazikukonyeza! Teno aliyeacha amerudi, amepayuka kwa hasira za miezi yote, watu wakasimama. Heledd aliketi mbele, liki kifuani. Nilimwonyesha kila aliyepita: yule, na mashine yake.

Cledwyn alichelewa. Viti vimejaa. Alisimama mlangoni na liki yake kubwa, mguu mbovu ukimtetemeka. Nikampa kiti changu na mto wangu wa kukalia. Nilisimama mpaka mwisho. Hakusema asante, ila alijikuna shingo, na kwa Cledwyn hiyo ni hotuba.

Jumapili, 2 Machi

Miche iko jikoni kwangu na inainama. Jiko langu ni baridi kuliko kaburi. Heledd amesema ataweka njia ya umeme halali mpaka kibandani, yenye kinga yake, kamati ya ukumbi ikikubali. Kamati inakaa Aprili. Mwenyekiti ni Cledwyn. Kufikia Aprili miche itakuwa imenyauka, nitakuwa nalima kamba!

Lakini nimeelimika, sikatai. Binti yule amenifungua macho. Kosa langu lilikuwa swichi ya kukata waya mmoja. Nimeshapata ya kukata nyaya zote mbili, na kiungo kisichoingiza maji, na ukuta wa pili wa kibanda umeegemea ukumbi mdogo wa kanisa, ambao haupimwi mpaka mwaka kesho, na chini ya paa lake kuna soketi ya taa za Krismasi isiyo na kazi yoyote ya maana.

Iko juu kidogo tu.

Cledwyn, ndugu yangu, jana ulikalia kiti changu na mto wangu wakati mimi nimesimama kama nguzo. Sidai kingi. Niazime ngazi yako, jioni moja, na usiulize ya nini.