Shokapu za Upepo za Mzee Mbaraka

Jamani, nimeaibika. Leo hii, mchana kweupe, Chang'ombe nzima inatazama!

Mnajua mimi ni fundi umeme wa magari. (Hilo halijabadilika, tusianze.) Mnajua pia nampenda Zainabu, na posa yangu iko kwa baba yake, Mzee Mbaraka, yule muuza mchele wa Bahi. Tangu niipeleke, kimya. Leo asubuhi akaniita mwenyewe. Si kwa posa. Kwa gari! Lile la mtumba alilolitoa Dubai, lenye shokapu za upepo, limelala nyuma kama mbuzi aliyekataa kwenda mnadani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Ukiliinua hili, jioni tutazungumza yale mengine."

Yale mengine! Posa hiyo!

Nikaanza kifundi. Kabla ya kupiga jeki nikazima swichi ya upepo iliyo ndani ya buti, maana gari la namna hii likijishusha nawe uko chini, unakuwa chapati. (Wababaishaji hawalijui hilo. Mimi nalijua.) Nikaingia uvunguni. Sikukaa sana, nikaukuta waya wa kompresa, ile pampu inayojaza upepo kwenye shokapu, umeoza kwa tope la Bahi. Nikaukata, nikauunga, nikazungusha tepu. Safi kabisa! Nikashusha jeki, nikawasha injini.

Wapi! Nyuma bado chini.

Nikapima fyuzi, nzima. Rilei, nzima. Nikang'oa viti, nikang'oa na zulia. Majirani wakaanza kuja na vigoda vyao. Zainabu akaniletea chai, akaninong'oneza, "Lakini unaweza?"

"Wewe andaa vyombo vya jioni," nikamjibu.

Mchana nikakata shauri. Injini inanguruma, mimi nikakaa kwenye ukingo wa buti, nikakunja nne, nikatoa hukumu mbele ya umati: "Mzee, kompyuta ya gari imekufa. Iagizwe Dubai. Fundi atakayekwambia vingine ni tapeli!"

Mama Zainabu alikuwa ameinama pembeni yangu, anachukua kikombe chake nilichokiacha ndani ya buti.

"Mwanangu, hii swichi si uliizima mwenyewe asubuhi? Nilikuona dirishani. Niiwashe?"

Hakungoja jibu. Kompresa ikaitika. Gari likainuka, nami juu yake! Taratibu, kwa heshima zote, mpaka mguu wangu uliokuwa chini ukaacha vumbi, na nne bado nimeikunja. Mtaa mzima vigelegele.

Mzee Mbaraka akaniangalia nilivyoning'inia. "Kwa hiyo tapeli ni nani?"

Zainabu alikuwa amejifunika uso kwa khanga, mabega yanatikisika. (Nataka kuamini alikuwa analia.)

"Jioni njoo," mzee akasema, akijifuta machozi ya kicheko. "Ila azungumze mshenga. Wewe usifungue mdomo."

Basi ndiyo hivyo. Nawaandikia hapa intaneti kafe nikiwa tayari na kanzu yangu, mwenye kafe analalamika grisi kwenye kibodi. Gari limesimama vizuri, na waya ule nimeuunga mimi, asibishe mtu! Nakwenda kifua mbele.

Ila leo nitakaa mkekani.