Baba Bado na Kikopo cha Hospitali

Jumatatu, 3 Machi
Kliniki, mimi na mke wangu. Nesi mwenye miwani katusomea mashtaka. Mimi: sigara, marufuku. Pombe, marufuku. Suruali za kubana, marufuku. Joto chini ya kiuno, marufuku kabisa! Nikamuuliza kama anajua mimi ni mwokaji mikate, nasimama mbele ya tanuri tangu alfajiri. Akasema basi nisimame mbali. Mbali! Mikate itajitoa yenyewe?

Mke wangu naye kaambiwa apunguze kahawa, na akae mbali na zile dawa kali za kulainisha nywele anazowapaka watu saluni. Aliitikia kila neno kama mtoto wa darasa la kwanza. Tulipofika mlangoni kwetu ndipo akasema tumesubiri miaka saba, safari hii atafanya yote aliyoambiwa, na ananiomba nami nifanye. Nikaapa. Kuapa hakumchoshi mtu.

Kazini wananiita Baba Bado. Wenzangu wote ni baba wa fulani, mimi ni baba wa bado. Aliyenibandika jina hilo ni Baba Pacha, tunayegawana naye tanuri. Anavuta, anakunywa, anavaa jinzi iliyombana kama ngozi ya soseji, na ana watoto sita, wawili wa mwisho kwa mpigo. Hakuna haki duniani.

Jumatano, 5 Machi
Mpango! Mfuko wa barafu ndani ya kaptura, aproni juu yake. Nani ataona? Saa ya kwanza, raha tupu. Nikamtazama Baba Pacha akiungua kwa joto, nikamwonea huruma.

Barafu ikayeyuka. Mfuko ukapasuka. Maji yakateremka mguuni mpaka kiatuni, wateja wanatazama. Baba Pacha akapaza sauti kwamba Baba Bado kajikojolea, akaniletea ndoo na dekio, mshenzi yule. Bosi kaniita pembeni akaniuliza kwa upole kama kibofu changu ni kizima. Nikamwambia ni jasho. Akauliza jasho gani la mguu mmoja.

Roho imeniuma. Nikaenda nyuma ya stoo ya unga, nikavuta. Lakini hiyo haihesabiki, nilivuta kwa hasira.

Alhamisi, 6 Machi
Mke kanusa shati la jana. Nikasema ni moshi wa mikate iliyoungua. Akauliza tangu lini mimi naunguza mikate. Mtu haaminiki nyumbani kwake! Basi leo nimeunguza trei nzima makusudi, nikambebea mkate mmoja, mweusi tititi, uwe ushahidi. Kautazama, kanipa pole ya kazi.

Bosi hakunipa pole. Nilikuwa naiwinda ile kazi ya kaunta, penye feni, mbali na tanuri. Kampa Baba Pacha! Eti mtu anayeunguza mikate na kutoka jasho mguu mmoja hafai kukaa mbele ya wateja.

Jingine. Mke wangu kaacha saluni. Si mapumziko, kaacha. Kasema hawezi kubahatisha na zile dawa. Wateja wake walikuwa wanapanga foleni wamsubiri yeye, hata kama viti vya wenzake viko wazi. Kapanga machanuo yake mezani, kayafuta moja moja, kayaweka juu ya kabati. Hakulalamika. Afadhali angelalamika. Nilijisikia vibaya, vibaya sana, nikatoka nje kupunga upepo. Upepo wenyewe ulikuwa na moshi kidogo.

Jumamosi, 8 Machi
Kliniki tena. Nesi kanikabidhi kikopo chenye kifuniko, akaeleza kinachotakiwa bila kupepesa macho. Mimi nilitazama dari. Kisha akasema maneno yaliyonikata maini: kwamba kipimo hiki kitawaambia yote ninayowaficha. Yote! Mke wangu akatabasamu, akasema mume wake hana la kuficha.

Nimekwisha. Kumbe sigara zinaonekana humo! Nitaumbuka mbele ya mwanamke aliyeacha kazi kwa ajili yangu. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Waliosema hivyo hawakuwa na akili ya kuirefusha.

Jumanne, 11 Machi
Akili imefanya kazi. Bakeri kuna keki kubwa ya harusi, na mpishi wa keki alikuwa ameshatenga ute wa mayai kwenye bakuli, hajaupiga bado. Nikausogelea. Nikautazama kwenye mwanga. Rangi ile ile. Mtelezo ule ule. Jamani! Mpishi alipogeuka kutafuta mwiko, nikachota.

Nilikijaza kikopo mpaka shingoni. Nikakimbilia maabara nimekikumbatia ndani ya koti, kama nilivyoagizwa kisipoe. Mtu wa maabara akakitazama kikopo, akanitazama mimi, akakitazama tena. Heshima ile! Nilirudi kazini kifua mbele. Baba Pacha akauliza mbona Baba Bado anacheka peke yake. Siku moja atajua.

Jumatano, 12 Machi
Nesi kapiga simu, mke kapokea. Nimemwona uso ukimshuka. Akakaa sakafuni, simu bado sikioni. Majibu: hakuna mbegu hata moja. Hata moja! Daktari anatutaka Ijumaa.

Nilifungua mdomo niseme. Naapa nilifungua. Lakini akanivuta kichwa, akanilaza kifuani mwake, akasema si kosa langu, ni kazi ya Mungu, tutazeeka wawili na hataniacha kwa hilo. Miaka yote dada zangu wanamwita mgumba, mbele yake na nyuma yake. Leo angeweza kuwapigia simu kila mmoja, na mimi ningenyamaza. Hakupiga. Alilia mpaka shati langu likalowa. Nami nikalia, tena kilio cha kweli, na huku najua fika kwamba ni yai.

Basi mdomo nikaufunga. Nimwongezee mshtuko juu ya mshtuko? Kanipikia. Kaninyooshea shati. Jioni kanikuta uani navuta, nikaruka kama mwizi, naye akasema nivute tu, sasa haina tofauti. Akarudi ndani taratibu. Sijawahi kuvuta sigara tamu kama ile, Mungu anisamehe.

Ijumaa, 14 Machi
Siku mbaya. Daktari, mzee wa watu, mtulivu. Kaniuliza nafanya kazi gani. Nikasema mwokaji. Akasema aaa. Akapangusa miwani. Akasema maabara haikuona mbegu, ni kweli, lakini imeona sukari. Na kuna harufu ya vanila.

Sukari! Mpishi wa keki huitia mapema, pamoja na vanila, na mimi ninayeonana naye kila siku nimesahau!

Mke wangu alicheka. Alicheka sana, mpaka daktari naye akacheka, nikaona nijiunge. Kisha daktari akanyamaza, na mimi nikanyamaza, mke wangu akaendelea, na hakikuwa kicheko tena. Akaniuliza swali moja tu: juzi alipokuwa analia pale sakafuni, nilikuwa najua? Nikasema kwanza daktari aeleze jinsi vanila inavyoweza kuingia mwilini mwa mtu kwa njia ya kazi. Daktari hakueleza. Alisema nirudie kipimo Jumatatu, hapa hapa hospitalini, na nije na mwili wangu tu.

Njiani nilimwambia mke wangu kwamba hasira ni mojawapo ya mambo ya kuepuka kwa mwanamke anayetafuta mtoto. Akavuka barabara, akatembea upande wa pili.

Jumapili, 16 Machi
Ameondoka jana. Yuko kwa dada yake mkubwa. Machanuo kayachukua, kesho anarudi saluni. Alifunga mzigo wake bila kupiga kelele, na mimi nilisimama mlangoni nikimwambia ashukuru Mungu, kumbe mbegu huenda ninazo! Habari njema hiyo, au si njema?

Akaweka mfuko chini, akasema sigara angenisamehe, hata pakiti nzima. Uongo angenisamehe, kauzoea. Lakini aliwalilia watoto wake kama watu waliokufa, akawazika moyoni mmoja mmoja, na mimi niliyejua kwamba hakuna maiti nikakaa kwenye msiba huo nikala na nikanyooshewa shati.

Nyumba kimya. Mto wake unanukia mafuta ya nywele. Inaniuma, niseme ukweli, inaniuma hapa chini ya mbavu, na wala si mchezo. Nimempigia simu, akakata. Nikapiga tena, akapokea dada mtu. Akasema, shemeji, ukome.

Nimeshinda nikijiuliza nilikosea wapi. Mwanamume lazima ajihoji. Kuelekea adhuhuri nimeliona kosa, waziwazi, na nimejipiga paji la uso: niliuchukua ute bila kuuonja! Ningeuonja tu, leo mke wangu angekuwa ndani ananipa pole. Kesho ni kipimo cha marudio. Yeye hayupo, lakini kipimo kipo, na siwezi kwenda kuaibika. Eti niende na mwili wangu tu. Koti si lina mifuko? Nimetoka kwa muuza mayai sasa hivi. Anasema la bata ute wake ni mzito zaidi. Nimechukua mawili, jingine la akiba.