Mlango wa Gari la Mama Pudentienne

Jumatatu, 17 Februari 2025
Gari kwenye garaji yangu! Si pikipiki, gari! La Mama Pudentienne, mkunga mstaafu wa hapa Kasenga, aliyenipokea nilipozaliwa. Mlango wa shofa, upande wa usukani, umekufa: kioo hakishuki, kitasa hakisikii. Osée, fundi wa ng'ambo ya barabara, alinyoosha shingo. Nikatangaza kwa sauti ya kumfikia: ni kompyuta ya mlango. Sijawahi kuiona kompyuta ya mlango. Nikaahidi keshokutwa.

Jumanne, 18 Februari
Nimebandua ubao wa mlango. Vibanio vinne vimevunjika. Kompyuta yenyewe ni kasanduku keusi, kadogo kuliko kipande cha sabuni. Nimekapuliza. Nimekasugua kwa mswaki wa mke wangu, Apollinarie. Wapi! Osée akaja, eti kusalimu. Akasema nitazame kwanza ule mpira unaopitisha nyaya kutoka mwilini mwa gari kwenda mlangoni, maana hukatika humo kwa kufunguafungua. Nikamwambia hayo ni mambo ya magari ya zamani. Bukavu imeanguka mikononi mwa waasi, watu wanasema, na askari waliokimbia wanashuka huku. Nimeacha kontakti, swichi ya ufunguo, imewashwa mpaka asubuhi, kosa lijionyeshe lenyewe.

Jumatano, 19 Februari
Limejionyesha. Batri imekwisha.
Risasi tangu alfajiri. Mji mzima unaelekea mpaka wa Burundi, Kavimvira, magodoro vichwani. Mama Pudentienne akafika na mama yake, bibi Célestine, ambaye nyonga haimfikishi hata kanisani. "Jean-Berchmans, miye sitaki kioo. Washa tu, twende." Nikawasha. Tik. Tukasukuma bure: gari lenyewe otomatiki, haliwaki kwa kusukumwa. Hakunitukana. Laiti angenitukana! Alimfunga mama yake kwa kitenge juu ya baiskeli ya jirani, wakaingia katika umati. Bibi akageuka: "Asante, mutoto wangu. Weye umejaribu."
Nimejaribu!

Alhamisi, 20 Februari
Sisi hatukukimbia. Tuko sakafuni. Apollinarie ameuliza mara moja tu kwa nini sikumwachia Osée lile gari. Nayajua mashimo yote ya barabara ile ya mpakani. Nayahesabu, na katika kila shimo namwona bibi Célestine.

Jumamosi, 22 Februari
Kimya kidogo. Osée amevuka barabara na taa yake ya kupimia umeme, bila kuitwa. Akavuta ule mpira: waya mbili zimekatika. Dakika kumi. Akaweka na batri yake mwenyewe. Kioo kikashuka kama maji. Nilingoja acheke. Hakucheka. Ilikuwa mbaya zaidi.

Jumanne, 25 Februari
Simu kutoka Gatumba, upande wa Burundi. Bibi Célestine hajasimama tangu Jumatano. Mpwa wa Mama Pudentienne, Damien, anakuja kesho mapema kuchukua gari wampeleke hospitali. Mama Pudentienne aliuliza kama linawaka. Linawaka, Mama. Akasema Mungu anibariki. Nilikata simu, nikalia.
Kisha nikaona haitoshi. Nimrudishie gari bora kuliko alivyolileta! Milango yote ijifunge yenyewe gari likiwaka, bibi asije akaanguka njiani. Waya moja hapa, moja pale. Kazi ya nusu saa.
Naandika nikiwa ndani ya gari. Milango imetii kabisa, yote minne, na haifunguki tena; vioo pia vimegoma. Moshi kidogo, si mwingi. Apollinarie amesimama nje na sahani ya ugali. Anapaza sauti akiuliza kama amwite Osée.
Nimemwambia asithubutu.